Kwenda Pangani kwa Matanga: Mwongozo Kamili wa Kuingia Mtoni na Kukaa Vizuri Mjini

Ukitoka Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, alfajiri na upepo ukikubali, adhuhuri unaiona Bweni, kilima chenye miti kwenye ukingo wa kusini wa mto Pangani. Upande wa kaskazini, chini, kuna minazi, mapaa ya mabati na kuta za kale za Pangani. Mji unaonekana uko karibu kabisa. Lakini kati yako na mji kuna fungu la mchanga ambalo mto na bahari hulijenga na kulibomoa mwaka hadi mwaka, na fungu hilo ndilo linaloamua utaingia saa ngapi. Niliwahi kulipanda saa nane mchana, maji yakiwa yameshaanza kutoka, chombo kikalala ubavu hadi saa sita u nusu usiku maji yaliporudi. Hakuna aliyeumia. Ila tangu siku hiyo sijapanga safari ya Pangani bila kuanza na mwezi.

Naandika kwa ajili ya mwenye boti ndogo ya matanga, yenye mkuku, yaani uti mrefu wa chini ya maji, na mashine ya kusaidia, anayetoka Unguja, Tanga, Dar es Salaam au Mombasa na anataka kulala mtoni siku mbili tatu, kununua chakula sokoni na kuujua mji. Pangani panastahili siku hizo. Mji ni mdogo, unatembelewa wote kwa miguu, na watu wake bado wana muda wa kumsikiliza mgeni.

Hatua ya 1: Chagua msimu

Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, na kusi tangu Aprili au Mei hadi Septemba na Oktoba. Kwa safari hii zote mbili zinafaa. Ukitoka Nungwi unaelekea kaskazini-magharibi: kaskazi utaipata ubavuni, kusi utaipata mgongoni, wala hutalazimika kwenda bisho, yaani kupindapinda ukiukabili upepo. Safari chache za mwambao zina bahati hiyo.

Tofauti iko mlangoni mwa mto. Kusi ikishika nguvu, Juni hadi Agosti, mawimbi ya bahari kuu huja kuvunjika juu ya fungu, na mahali palipokuwa tulivu mwezi Februari panakuwa na povu tupu. Mimi hupendelea Septemba hadi Februari mwanzoni, nikiziangalia mvua za vuli kwa jicho moja. Masika ya Machi hadi Mei yaache. Mto huo unateremka na maji ya Kilimanjaro na Meru, na ukifurika huleta magogo na magugu yanayoelea, mengine yamezama nusu na hayaonekani. Isitoshe, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika hadi Mafia. Kabla ya kung'oa nanga, soma taarifa ya hali ya bahari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Hatua ya 2: Chagua siku ya mwezi

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na humu ndimo ninamotaka usome polepole.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo na siku moja mbili zinazofuata, maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne. Tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kupita mita 3.5. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa kwenye saa nne na hupwa kwenye saa kumi, na tofauti huwa ndogo, kama mita moja. Kila mvuvi wa Pangani anayo hesabu hii kichwani. Wewe iandike, kisha uithibitishe kwa jedwali la maji la mwaka huo. Jedwali la Tanga linatosha, kwa kuwa saa zake hazipishani na za Pangani kwa kiasi cha kukudhuru.

Sasa fikiri. Siku ya bamvua maji ni mengi, kwa hiyo utavutiwa kuingia siku hiyo. Lakini yanajaa saa kumi alasiri, nawe unaelekea magharibi: jua liko machoni pako, maji yote yanang'aa kama bati, na rangi ya mchanga huioni. Tena ukipanda fungu kwenye kilele cha bamvua, maji ya siku zinazofuata yatakuwa madogo zaidi, na chombo kinaweza kukaa juu hapo hadi bamvua ya pili, wiki mbili baadaye.

Siku ninazozipenda mimi ni mwezi 10 au 11, au mwezi 25 au 26, kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Siku hizo maji hujaa kati ya saa sita na saa saba mchana. Jua liko utosini, unaona kila kivuli cha mchanga, na maji yanakua siku hadi siku: ukigusa, maji yanayofuata yatakuwa makubwa kuliko haya na yatakunyanyua. Kati ya hizo mbili nachagua mwezi 25 au 26 kwa sababu ya soko. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, nao hupumzika mbalamwezi ikiwa kali. Giza likiingia, diko, yaani pale wavuvi wanaposhushia samaki, linajaa.

Hatua ya 3: Karatasi

Anayetoka Kenya hawezi kuja Pangani moja kwa moja. Agana na Uhamiaji na Forodha upande wa Kenya, Shimoni kwa mfano, kisha uingie Tanzania kupitia bandari ya Tanga: afya, Uhamiaji, Forodha na watu wa bandari. Toka huko na nakala ya kila karatasi. Anayetoka Unguja asidhani kwamba kwa kuwa ni nchi moja hatadaiwa chochote. Kati ya Zanzibar na Bara kuna ukaguzi, na wageni wa kigeni hubeba pasi zao. Chombo cha kigeni kipeperushe bendera ya Tanzania upande wa kulia wa mlingoti, iwe safi na nzima. Bendera iliyochanika watu wa pwani wanaiona, hata wasiposema.

Hatua ya 4: Safari yenyewe

Kutoka Nungwi hadi mlango wa mto ni kama maili 25 za baharini. Kwa mwendo wa noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa, ni saa tano. Siku ya mwezi 26, ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi utafika nje ya fungu saa tano, maji yakiwa bado yanapanda. Kutoka Tanga umbali ni karibu huohuo, ila unakuja kusini dhidi ya mkondo wa bahari, hivyo ongeza saa moja au mbili. Kutoka mji wa Unguja ni maili 46 hivi: lala Nungwi kwanza.

Mkondo huo wa pwani huenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huwa na nguvu zaidi. Mkondo wa noti 1 kwa saa tano umekusogeza maili 5, yaani unajikuta mbele ya mikoko ya kaskazini ya mto na mji uko nyuma ya bega lako. Lenga kusini ya Pangani tangu mwanzo, uje ukishuka nao.

Jambo la pili ni Maziwe. Ukichora mstari wa moja kwa moja kutoka Nungwi hadi Pangani, mstari huo unapita palepale kwenye mwamba wa Maziwe. Kisiwa hicho zamani kilikuwa na mivinje na kasa walikuja kutaga kwa wingi. Kilihifadhiwa mwaka 1975, lakini miti ikaanguka, mchanga ukaliwa na bahari, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilikuwa kimebaki fungu jeupe linalozama maji yakijaa sana. Kwa hiyo ukipita maji yamejaa usitafute kisiwa, hukioni. Weka alama yake kwenye GPS na ukipe nafasi ya maili moja kamili. Ukitaka kushuka hapo kuogelea, fanya hivyo siku nyingine kutokea Ushongo, kijiji cha pwani kusini ya Pangani, au Pangani kwenyewe ukiwa na mwenyeji, na ulipe ada ya hifadhi.

Karibu na pwani mweke mtu omoni, mbele kabisa ya chombo. Kuna nyavu za jarife, kuna mitego ya dema, na maboya yake mengine ni chupa ya maji tu. Kamba moja kwenye rafadha ya mashine mbele ya fungu inatosha kuharibu siku.

Hatua ya 5: Kuvuka fungu

Usiingie mara ya kwanza bila rubani. Piga simu siku moja kabla kwa mwenyeji yeyote unayemwamini Pangani au Ushongo, akutafutie mvuvi anayepita pale kila siku, aje na mashua kukupokea nje. Mkubaliane malipo kabla hajapanda. Na akipanda chomboni kwako, kama ana umri wa baba yako, mwanzo wa mazungumzo unaujua:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba nahodha. Watoka wapi?"

"Natoka Unguja, mzee. Chombo changu chazama mita moja na nusu na kidogo. Tunapita?"

Mwambie kina chako kweli, tena mwonyeshe kwa mkono. Wengi wao wamezoea ngalawa na mashua zinazogusa mchanga bila madhara, na mkuku wako mrefu wa chuma hauonekani kutoka juu.

Hesabu uifanye mwenyewe hata kama una rubani. Mfano: jedwali linasema maji yatapwa hadi mita 0.8 na kujaa hadi mita 3.2. Tofauti ni mita 2.4. Igawanye kwa 12, unapata 0.2. Saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1, ya pili sehemu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa hiyo baada ya saa tatu yamepanda mita 1.2, baada ya saa nne mita 1.8. Tuseme rubani na ramani wanakubaliana kwamba juu ya fungu kuna mita 0.5 wakati jedwali liko sifuri. Maji yakipwa pana mita 1.3, na baada ya saa nne pana 3.1. Chombo kinachozama mita 1.6, ukikiachia mita moja ya usalama kwa ajili ya mawimbi, kinahitaji 2.6. Basi mlango wako unafunguka tangu saa ya nne ya kujaa. Hiyo 0.5 ni ya mfano tu: fungu hilo halikai mahali pamoja, uliza kila unapokwenda.

Vuka kati ya saa ya nne na saa moja kabla ya maji kujaa kabisa. Kunja matanga, washa mashine, funga madirisha na mlango wa mbele, na watoto wakae chini ndani ya chumba cha usukani wakiwa wamevaa maboya. Nanga iwe tayari kuachiwa. Usivuke kamwe maji yakitoka: hapo maji ya mto na maji ya kupwa yanashuka pamoja, yanakutana na upepo wa baharini, na mawimbi yanasimama wima. Ukifika ukaona mstari mweupe usiokatika kutoka ukingo hadi ukingo, geuka. Lala nje au rudi. Hiyo pia ni safari iliyofanikiwa.

Ukishapita fungu, maji hubadilika rangi kuwa ya chai ya maziwa na mwendo unatulia. Mji uko kulia kwako, Bweni kushoto.

Hatua ya 6: Kutia nanga mtoni

Kwanza tazama pantoni inapita wapi kati ya Pangani na Bweni, uiachie njia yake yote pamoja na nafasi ya kugeukia. Halafu waulize watu wa bandari wangependa ukae wapi. Ukitaka kupanda mto zaidi, uliza kwanza kuhusu daraja la barabara ya Tanga hadi Bagamoyo, na uujue urefu wa mlingoti wako pamoja na antena iliyo juu yake.

Chini ni tope na mchanga, nanga hushika vizuri ukiipa mnyororo wa kutosha. Kina cha mita 4 maji yakiwa yamepwa, ongeza mita 3 za kujaa na mita 1 ya urefu wa omo: ni 8. Zidisha kwa 5, toa mita 40. Tatizo la mtoni ni kwamba mara nne kwa siku mkondo unageuka, na chombo kinazunguka duara zima katikati ya mashua za watu. Ndiyo maana mimi hutia nanga mbili, zote kutoka omoni, moja kuelekea juu ya mto na nyingine kuelekea baharini, chombo kikibaki katikati. Kinageuka papo hapo bila kutembea. Kagua kamba asubuhi na jioni zisisokotane.

Taa ya nanga iwake usiku kucha, kwa sababu wavuvi hutoka gizani na wengine hawana taa. Vyandarua viwe tayari kabla ya magharibi. Na watoto waambiwe mapema, bila kuwatisha: mtoni haturuki majini. Mamba wapo huko juu, na mkondo wenyewe unatosha kumchukua mtu mzima.

Hatua ya 7: Kushuka na kujitambulisha

Mashua ya mpira ivute hadi ngazini au pale watakapokuelekeza, na umuombe kijana mmoja aiangalie kwa malipo mnayokubaliana. Safari ya kwanza pwani ni ya salamu, soko baadaye. Pita kwa watu wa bandari na karatasi zako, ueleze mtakaa siku ngapi. Pita dikoni, uwasalimie viongozi wa BMU, ambao ndio wasimamizi wa pwani kwa upande wa wavuvi. Dakika kumi za kusimama na kuulizwa habari za nyumbani zinakufanya ujulikane, na chombo cha mtu anayejulikana kinalindwa na macho ya mji mzima.

Vaa kama unayekwenda kwa wakwe. Mabega na magoti yafunikwe, kanga au kikoi kinatosha juu ya nguo za baharini. Ijumaa adhuhuri maduka hufungwa kwa sala, usipange ununuzi saa hizo. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa barabarani mchana. Ila ukiweza kuwa Pangani Ramadhani, uwe: alasiri soko linachangamka kwa vitu vya futari, na huenda usifike chomboni kabla hujaitwa kwenye jamvi la mtu.

Hatua ya 8: Sokoni

Beba vikapu vyako. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, na kikapu cha ukili kinafaa zaidi chomboni hata hivyo, kwa kuwa kinapitisha hewa. Beba noti ndogo. Pesa ya simu inapokelewa karibu kila mahali, lakini mama mwenye fungu moja la bamia usimsumbue kwa muamala.

Anza dikoni, mashua zinaporudi. Samaki wakubwa huuzwa kwa mnada: mnadi anataja bei, wachuuzi wanapandishana, na mambo yanaisha haraka. Mgeni asiingilie mnada wa watu wanaotafuta riziki ya siku. Simama pembeni, tazama nani kanunua nini, kisha nunua kwake kwa faida yake ndogo. Samaki mtazame mashavu, yawe mekundu, na jicho liwe limejaa. Nguru na kolekole wanakatika vipande vizuri, changu ni wa kuchoma mzima. Pweza muulize kama amekwisha kupigwa. Siku za bamvua pweza huwa wengi, kwa sababu miamba inakauka asubuhi na watu huenda kuwachokoa kwa miguu. Dagaa wakavu na ng'onda ndio akiba ya baharia asiye na friji: wafunge kwenye karatasi, uwatundike penye upepo.

Kisha upande wa mboga na matunda. Hapa bei ya fungu inajulikana, na kubishana sana juu ya nyanya nne ni aibu. Wanachofanya wenyeji ni kuomba nyongeza, tena kwa maneno mazuri:

"Mama, shikamoo. Nimechukua mafungu matatu, niongeze basi."

"Marahaba mwanangu. Haya, shika na hii ndimu ya safari."

Kwa ajili ya safari, chagua kwa muda vitu vitakavyodumu. Nazi kavu hukaa wiki kadhaa, boga vilevile, vitunguu na viazi hukaa vikiwa gizani penye hewa. Ndizi nunua mkungu mbichi, lakini ujue zitaiva zote kwa pamoja, basi gawana na jirani wa nangani. Machungwa yanayoshuka kutoka Muheza chukua yenye ganda zima lisilo na jeraha, uyapange bila kugusana. Muhogo ni mtamu sana mji huu, ila ukishang'olewa siku ya tatu umeharibika, hivyo nunua wa kula leo na kesho tu. Mchicha, matembele na kisamvu pika siku hiyohiyo.

Kabla ya kupakia, maboksi ya karatasi yaache pwani, kwa sababu mayai ya mende huja ndani ya mikunjo yake. Mkungu wa ndizi utumbukize baharini dakika chache nje ya mto, wadudu watoke. Mafuta ya mashine nunua kituoni kwa madumu, yaletwe kwa bajaji, na uyamimine kwenye tangi kwa kuyachuja. Maji ya kunywa yatoke bombani mjini, uyatibu. Maji ya mtoni yamechanganyika na chumvi hadi mbali ndani, hayafai hata kwa kuoshea vyombo.

Usiondoke sokoni bila kuketi. Asubuhi kuna vitumbua na maandazi ya moto, jioni kahawa chungu na kashata kwenye mabaraza. Ketini na wazee, waulizeni habari za mlango wa mto. Nilichojifunza kwenye benchi lile kuhusu fungu kinazidi kilichomo kwenye ramani yangu. Picha za watu omba ruhusa kwanza, na ukikataliwa usirudie.

Hatua ya 9: Siku ya katikati

Tembea ukingoni hadi Boma, lililojengwa na Waomani mwaka 1810 na kubadilishwa baadaye na Wajerumani. Mji huu ndio ulioanza kuwakatalia Wajerumani: mwaka 1888, mawakala wa kampuni yao walipotaka kuusimamia mji na kupandisha bendera yao, Abushiri bin Salim aliwaongoza watu wa mwambao kupigana. Alikamatwa na kunyongwa hapahapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mimi hupita hapo asubuhi kabla ya jua kuwa kali, na nikiwa na watoto nawasimulia yote, pamoja na habari ya watumwa waliopitishwa kwenye mto huu. Utakuta nyumba za mawe zinaomomonyoka, milango ya nakshi, na familia zinazoishi humo. Hodi kwanza, viatu mlangoni.

Mchana maji yakipanda, kodi mtumbwi wa mashine uende juu ya mto pamoja nayo na urudi yakishuka. Mikoko inakwisha taratibu, minazi inaanza, kisha mashamba. Mkonge uliotajirisha mkoa huu uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, na katika miche elfu moja, 62 tu ndiyo iliyofika hai. Jioni vukeni kwa pantoni hadi Bweni, mpande kilimani. Kutoka juu, maji yakiwa yamepwa, utaliona fungu lote limelala wazi na njia ya maji inavyolikata. Lipige picha. Ni ramani yako ya kutokea.

Hatua ya 10: Kutoka

Watu wa Tanga husema waja leo, kuondoka majaaliwa. Ukiwa uliingia mwezi 26, siku ya mwezi 28 maji yatapwa kwenye saa mbili u nusu asubuhi na kujaa karibu saa tisa mchana. Usisubiri yajae. Bamvua inakaribia na maji yanapanda kwa kasi, kwa hiyo baada ya saa nne, yaani saa sita u nusu mchana, hesabu yako ya hatua ya tano itakuonyesha kina cha kutosha huku maji yakiendelea kupanda. Fanya tena hesabu hiyo kwa namba za siku yenyewe.

Asubuhi hiyo lipa madeni yote pwani: mlinzi, rubani, duka la madumu. Liache jina lako likiwa safi. Takataka zako zibebe hadi Tanga kama hujaonyeshwa mahali pa kuzitupa. Nanga ya kuelekea baharini ing'olewe kwanza, iliyo juu ya mto ibaki ya mwisho ikishika omo, na mashine iwe imewaka kabla haijaacha tope. Rubani aje nawe hadi nje ya fungu, ashukie kwenye mashua yake. Ukipata kina cha mita 10, inua matanga na uelekee kaskazini ukiwa na mkondo. Kabla jua halijazama uko ndani ya ghuba ya Tanga, na ndimu ya yule mama bado iko kapuni.